Goti la Taifa

Nchi ninayoisimulia si hii. Nalisema mapema ili asije mtu kunigongea mlango. Nchi hiyo iko mbali sana, ina bendera yake na wimbo wake, na viongozi wake, tofauti kabisa na hao mnaowajua ninyi, walipenda kuletewa habari njema kabla ya kifungua kinywa. Katika nchi hiyo palikuwa na kijito kiitwacho Lwimba. Kwenye karatasi za serikali kiliandikwa Mto Mkuu wa Lwimba, ingawa wakati wa kiangazi mbuzi walikivuka bila kulowa matumbo.

Kandidi Ligola alikuwa Mwingia Maji wa mto huo. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wao tangu watu walipoanza kulima bonde. Kila kulipopambazuka Mwingia Maji aliteremka kivukoni, akavua viatu, akatembea mpaka katikati ya mto, akasimama wima na kutazama maji yamemfika wapi. Halafu akaita kwa sauti kuu. Aliita "Kifundo!" kama yamefika kwenye kifundo cha mguu, "Goti!" kama ni gotini, na kadhalika kiuno, kifua, mpaka kidevu. Kwenye kona ya kwanza ya mto alikuwapo mpokezi, naye aliita vilevile kumpelekea wa kona ya pili, na wa pili kumpelekea wa tatu, hata neno likafika Kilole, kijiji cha mwisho bondeni, kabla uji haujachemka. Mpokezi wa Kilole aliitikia, "Imefika!" na itikio hilo likapanda kona kwa kona mpaka masikioni mwa Mwingia Maji. Hapo ndipo alipotoka majini akavaa viatu vyake.

Watu wa bondeni walijua kila neno lina kazi gani. Goti, nenda shamba. Kiuno, hamisha mbuzi. Kifua, hamisha watoto na mbegu. Kidevu, kimbia na usiulize. Hilo la kidevu lilikuwa limeitwa mara moja tu, enzi za babu wa babu yake Kandidi, na siku hiyo hakufa hata kuku.

Msidhani nawasifia akina Ligola. Walikuwa watu wa kawaida, wengine walevi wa kutupwa, na mmoja alitoroka na mke wa katekista. Lakini hakuna aliyekumbuka hata mmoja wao aliyeingia mtoni akaita asichokiona. Kandidi alijivunia jambo hilo mpaka akawachosha watu. Kwenye harusi, kwenye misiba, akishapata kikombe cha pili, ungemsikia tu: "Ulimi wangu mimi haujawahi kusema uongo juu ya maji." Watu walimpisha aseme, maana ilikuwa kweli.

*

Mto nao ulikuwa umeshaonja mengi. Watu wa kwanza waliukuta unajiendea utakavyo, wakaukata mifereji kunywesha magimbi yao, nao haukulalamika. Akaja mtemi mmoja mwenye wake kumi na wawili, aliyetaka kila mke aamke akisikia maji mlangoni pake. Watu wakachimba misimu mitatu, mto ukazungushwa nyumba zote kumi na mbili, na alipooa wa kumi na tatu wakachimba tena. Wakaja wageni wa kofia ngumu. Hao waliuonea mto aibu jinsi ulivyojipindapinda, wakaunyoosha kwa rula, wakauwekea kinu cha kusaga, wakaupa jina la farasi wa malkia wao. Waliochimba walizikwa papo hapo kandokando, na mianzi iliyoota mahali hapo ilikuwa mizuri sana.

Uhuru ulipokuja, Rais wa Kwanza alitangaza kwamba mto ulionyooshwa na mkoloni ni mto ambao bado unatawaliwa. Wananchi wakaitwa kwenye kazi za kujitolea, waliokataa wakasindikizwa na polisi ili nao wakajitolee, na mto ukapindwa upya kizalendo. Rais wa Pili aliogopa kona, kwa kuwa aliambiwa wapinzani wake hujificha humo. Akazikata kona tano, na wapinzani watano.

Rais wa Tatu, aliyekuwa madarakani wakati wa kisa hiki na ambaye nasikia bado hajachoka, hakuugusa mto kabisa. Alichukua kinamasi tu. Kinamasi hicho kilikuwa juu kidogo ya Kilole, na ndiko mto ulikozoea kwenda kujilaza wakati wa masika ukizidiwa na maji. Rais alikifukia kwa kifusi, akajenga juu yake nyumba za mawaziri, akazizungushia ukuta mrefu, na mahali pakaitwa Kijiji cha Utulivu. Wataalamu wawili waliuliza mto utakwenda kulala wapi. Walipewa likizo, na familia zao zinawasubiri mpaka leo.

*

Masika ya kwanza baada ya kinamasi kufukiwa, Mwingia Maji hakuwa Kandidi bali kaka yake mkubwa, Aloisi. Asubuhi moja Aloisi aliingia mtoni, maji yakamfika kiunoni, naye akaita, "Kiuno!" Bondeni wakahamisha mbuzi. Kwa bahati mbaya siku ileile Rais alikuwa akiwahutubia mabalozi, akiwaeleza kwamba chini ya uongozi wake mafuriko yamebaki historia, na kwamba mto ukisumbua sana huishia magotini.

Aloisi alishtakiwa kwa kuupandisha mto bila kibali. Hakimu alikuwa mtu wa huruma, hakupenda kumfunga mwanamume mwenye watoto. Alimhukumu tu akasimame palepale mtoni mpaka maji yamfike gotini, kama Rais alivyowaambia mabalozi. Mvua ikanyesha siku kumi na saba. Askari waliomlinda ukingoni walibadilishana zamu kila baada ya saa nne kwa sababu ya baridi. Siku ya tano walimtoa, na mwenye daftari akaandika kwamba adhabu imetekelezwa kwa sehemu.

Kandidi ndiye aliyemwosha kaka yake. Alipoishika miguu, ngozi ilimbakia mikononi.

Wiki iliyofuata, kazi ikiwa imemwangukia yeye, aliitwa mjini kwa Mkurugenzi wa Mikondo, Bwana Ndelembi, mtu mnene, mpole, aliyependa kumshika mwenzake bega anapozungumza naye.

"Mzee Kandidi, pole sana na msiba," alisema Mkurugenzi. "Marehemu alikuwa mchapakazi. Tatizo lake unalijua?"

"Silijui, mheshimiwa."

"Alikuwa mfupi." Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Fikiria mwenyewe. Taifa zima linapimwa kwa kiuno cha mtu mmoja mfupi! Tukiajiri mfupi, tuna mafuriko. Tukiajiri mrefu, tuna ukame. Nchi itaendeshwa hivyo?"

"Haitaendeshwa, mheshimiwa," Kandidi akajibu, kwa kuwa alishaliona jibu linalotakiwa.

"Ndiyo maana serikali imekutafutia mwili wa kudumu."

Mwili huo ulikuwa sanamu ya Rais, ya zege na nondo, mita nne kwenda juu, kazi ya mikono ya mpwa wake Rais ambaye alikuwa amesomea upambaji wa keki ng'ambo. Ilisimamishwa katikati ya kivuko. Miguu yake ilifukiwa chini ya mchanga wa mto mpaka goti la sanamu likawa kimo kimoja na goti la mtu mzima. Siku ya uzinduzi Waziri wa Mito, Vijito na Madimbwi alihutubia kwa saa tatu.

"Kuanzia leo," alinguruma, "hatutaupima mto wetu kwa mwili wa mtu binafsi! Tutaupima kwa Goti la Taifa! Goti ambalo halijapigwa mbele ya beberu! Goti lisilougua baridi yabisi! Mataifa makubwa yana magoti, ndugu zangu, lakini ni taifa gani lina goti moja la wote?"

Watu wakapiga makofi, na waliokaa mbele wakapiga zaidi kwa kuwa walikuwa karibu na askari. Kandidi naye alipiga. Tangu hapo kazi yake ikawa kuingia mtoni asubuhi, kusimama kando ya sanamu, kutazama maji yameifika wapi, na kuita. Mwaka mzima mambo yalikwenda kama zamani, na moyo wake ukatulia. Hakuna aliyemwambia aseme uongo.

*

Masika ya pili maji yalianza kumpanda Rais. Asubuhi moja yalikuwa yamelipita goti kwa vidole vinne, na Kandidi alisimama pale jasho likimtoka ndani ya maji ya baridi, asijue aite nini. Kabla hajafungua kinywa, lori liliteremka ukingoni. Wakashuka mafundi wanane na jeki nane. Walipiga mbizi, wakaifukua miguu ya Rais, wakapachika jeki chini ya nyayo zake, wakaanza kumpandisha. Sanamu ikainuka taratibu huku ikichuruzika maji, mpaka maji yakakaa barabara kwenye goti.

Mkurugenzi Ndelembi alikuwa ukingoni, chini ya mwavuli.

"Mzee Kandidi, maji yako wapi?"

"Gotini, mheshimiwa."

"Umeona uongo wowote hapo?"

Kandidi alilitazama goti, akayatazama maji. "Sijauona, mheshimiwa."

"Basi ita, mzee wangu. Watu wanakungoja."

Akaita. Siku hiyohiyo aliapishwa mbele ya vitabu viwili vitakatifu na kimoja cha hotuba, kwamba habari ya jeki ni siri ya ulinzi wa taifa, na atakayeitoa atasimama aliposimama Aloisi. Ikiwa ni kiangazi, atafugwa mpaka masika.

Mafundi wakapiga kambi kivukoni. Maji yakipanda, Rais alipandishwa. Yakishuka, alishushwa kwa heshima. Kandidi akaendelea kuita anachokiona, na anachokiona kikawa goti, leo goti, kesho goti. Alikuwa ameupata uongo ambao mtu anaweza kuusema bila kudanganya, akajifunika nao gubigubi kama blanketi. Hapo ndipo ninapomkasirikia, na namkasirikia kuliko Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na nyumba Kijiji cha Utulivu. Kandidi alikuwa na mtoto Kilole.

Mtoto huyo ni Sigolena, wa pekee, aliyeolewa kule bondeni, na ndiye aliyekuwa mpokezi wa mwisho. Kila asubuhi "Imefika!" ilianzia kinywani mwake. Ilimfikia baba yake kupitia vinywa vya wengine, lakini Kandidi aliipokea kama shikamoo yake binti.

Jumapili moja Sigolena alikuja kuwaona wazazi, mwanawe wa miezi minne mgongoni na beseni la magimbi kichwani. Mama yake, Rosina, alikuwa akichambua mchicha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo hajambo?"

"Hajambo, yuko machimboni bado." Sigolena akakaa mkekani, akampakata mtoto. "Baba, nina swali, naomba usinikasirikie."

"Uliza."

"Juzi uliita goti. Jana ukaita goti. Lakini kule kwetu maji yamekula matuta mawili ya mama mkwe. Choo kimejaa. Watu wananiuliza mimi, maana mimi ndiye ninayewaitia. Wengine wanasema labda mzee macho yamekwisha."

Rosina akaacha mchicha, akainua uso kumtazama mumewe.

"Macho yangu mazima," Kandidi akasema.

"Nami ndivyo nilivyowajibu! Nikawaambia, baba akisema goti ni goti. Au nimekosea?"

Kandidi alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Alitazama dirishani. Hapakuwa na mtu. Ningependa sana kuwaambia kwamba nyuma ya nyumba alikuwapo mpelelezi ametega sikio, lakini wapelelezi wa nchi ile hawakufanya kazi Jumapili. Walikuwapo baba, mama, binti na mtoto mchanga, na kuku mmoja aliyekuwa akidonoa makapi.

"Nimewahi kukudanganya?" akauliza.

"Hujawahi, baba."

"Haya basi."

Sigolena akashusha pumzi, akacheka. "Umenitua mzigo, kweli tena. Sasa wataniona, hao wanaonitania." Alipoondoka, Kandidi alimsindikiza mpaka kona ya kwanza. Njiani alifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya pili alisema, "Mfunike mtoto kichwa, kuna upepo."

*

Mvua kubwa ilianza Jumatano na haikuacha. Jumamosi ilikuwa Sikukuu ya Mto, ambapo sauti ya Mwingia Maji ilirushwa moja kwa moja redioni ili Rais na wageni wake waisikie wakiwa mezani.

Kandidi aliposhuka kivukoni asubuhi hiyo, mto ulikuwa umebeba miti mizima, mbwa aliyekufa, na mlango wa nyumba ya mtu wenye kufuli yake. Jeki zilishafika mwisho. Mafundi walikuwa wamepanga matofali chini yake na sasa walikuwa wakijazia mawe, midomo imewabadilika rangi. Walimfunga Kandidi kamba kiunoni, akaingia, akisukumwa huku na huku, mpaka akaufikia mkunjo wa suruali ya zege na kuung'ang'ania. Mtu wa redio alimnyooshea kipaza sauti kilichofungwa kwenye mwanzi mrefu, bado hakijawashwa.

"Mheshimiwa!" Kandidi akapiga kelele. "Yamenifika kidevuni!"

"Wewe siyo kipimo!" Mkurugenzi akajibu kutoka chini ya mwavuli, bila hasira. "Kipimo kinasemaje?"

Kandidi akageuza shingo. Maji yalikuwa yamemfika Rais gotini, sawasawa kabisa.

"Mheshimiwa, Kilole kuna watu!"

"Kila mahali kuna watu, mzee wangu. Redio inakungoja."

Neno lile jingine, la babu wa babu yake, lilimjia mpaka kwenye meno. Aliiona miguu ya Aloisi. Alijiambia kwamba Sigolena si mtoto mdogo, ana macho, atayaona maji mwenyewe na kuondoka, hatangoja kuambiwa. Alijiambia kwamba goti ni kweli, liko mbele ya macho yake, hata mtu wa redio analiona. Wimbi likampiga mdomoni, akalitema.

"Goti!"

Kona ya kwanza wakaipokea. Kona ya pili wakaipokea. Mpokezi wa kona ya tatu alikuwa ameshapanda juu ya paa la nyumba yake, lakini aliita kutoka hukohuko paani, kwa kuwa kazi ya mpokezi ni kupeleka alichopokea. Kandidi akabaki majini akisikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba jibu lisirudi. Akaomba kimya kitokee bondeni, kimya cha watu waliokwisha kukimbia.

"Imefika!" likarudi jibu.

Walimvuta kwa kamba mpaka ukingoni. Alitafuta viatu vyake, lakini vilikuwa vimeshakwenda na maji.

Mto uliteremka moja kwa moja kwenda kulala kwenye kinamasi chake, ukakuta ukuta wa Kijiji cha Utulivu. Nataka kumtendea haki mkandarasi: ukuta ule ulikuwa ndiyo kazi pekee nchini iliyojengwa kwa saruji kamili. Haukutikisika. Mawaziri walisikia kishindo, wakaongeza sauti ya redio. Mto ukageuka, ukaingia wote Kilole.

*

Walikufa watu thelathini na mmoja. Serikali ilishtuka sana, kwa sababu kwa mujibu wa sera yake mtu hawezi kufa maji ya gotini. Iliundwa Tume ya Kuchunguza Ufupi wa Marehemu, chini ya Jaji Mstaafu Kipembe. Ripoti ya awali ilibaini kwamba maiti zote zilikutwa zimelala, jambo lililothibitisha kwamba wahusika hawakusimama. Mtoto wa Sigolena, mwenye urefu wa sentimeta sitini na tatu, aliandikwa wa kwanza katika orodha ya wafupi. Sigolena mwenyewe alikuwa mrefu, kwa hiyo aliandikwa mzembe.

Tume ilikaa katika darasa moja karibu na kivuko, na wananchi wakaruhusiwa kusikiliza. Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Mastidia, mama mkwe wake Sigolena.

"Maji yalishafika vizingitini," alisema. "Watu walishafunga mizigo. Wakamfuata mkwe wangu, wakamwambia twende. Akasema, ngojeni baba aite. Tukasikia goti. Naye akaita goti, tena kwa nguvu, halafu akawaambia watu, fungueni mizigo yenu, baba hajawahi kunidanganya. Wakafungua. Yeye akaingia ndani kumnyonyesha mtoto."

"Na wewe mbona uko hapa?" akauliza Jaji, akimtazama kwa mashaka.

"Mimi mzee yule sikumwamini tangu siku ya mahari. Nilimkokota mbuzi wangu nikapanda kilimani."

"Andika," Jaji akamwambia karani. "Shahidi alikaidi mawasiliano rasmi ya serikali." Bi Mastidia akapewa onyo kali na kurudishwa kwenye benchi.

Ndipo akaitwa Kandidi Ligola. Mkurugenzi Ndelembi mwenyewe alimshika bega na kumpeleka mbele. Kwanza alivishwa Nishani ya Goti, ya shaba, upande wa moyo, kwa utulivu wake kazini, baadaye akaapishwa.

"Asubuhi ya tukio," Jaji akasema, "maji yalifika wapi?"

"Gotini, mheshimiwa."

"Ulilitazama vizuri hilo goti?"

"Nililitazama vizuri."

"Umewahi, katika utumishi wako wote, kusema uongo juu ya maji?"

"Sijawahi, mheshimiwa."

Jaji akatabasamu, akafunga faili. Kutoka benchi la nyuma akasimama mwanamke aliyevaa kaniki nyeusi. Alikuwa Rosina. Tangu wazike, alikuwa akimpikia mumewe, akimtengea chakula, akimuuliza neno moja, na kumwondokea.

"Mheshimiwa, nina swali moja kwa mume wangu."

"Maswali ya mume na mke yaulizwe nyumbani, mama."

"Nyumbani nimemuuliza. Hajibu."

Watu wakacheka, na Jaji, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha ya kumaliza kazi mapema, akampungia mkono kwamba aulize.

"Baba Sigolena," Rosina akasema. "Achana na hilo lizege. Wewe, mwili wako wewe. Yalikufika wapi?"

Mkurugenzi alisimama haraka kupinga. Alieleza kwamba mwili wa mtumishi wa umma akiwa kazini ni mali ya serikali, na kwamba vipimo vyake haviwezi kutolewa hadharani bila idhini ya Waziri. Jaji alikubali pingamizi. Rosina hakukaa. Wala hakumtazama Jaji wala Mkurugenzi, alikuwa akimtazama mumewe tu.

Mkono wa kulia wa Kandidi ukaanza kuinuka. Ulipita kiunoni, ukapita kifuani ilipokuwa nishani, ukapita shingoni, ukafika chini kidogo ya mdomo, na hapo ukatulia, kiganja kimelala kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto.

Bi Mastidia akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kumpenda.

Jaji alivaa miwani yake, akautazama mkono ule kwa muda, akamgeukia karani.

"Andika," akasema. "Shahidi alijikuna kidevu."

Karani akaandika. Kandidi aliendelea kusimama mbele ya watu, mkono ukiwa palepale, akimngoja mkewe aseme kitu. Rosina alijifunga kaniki yake vizuri, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje.